Usilipeleke MAHINDI2 Bujumbura

Nyakabanda, Kigali
Jumapili jioni, 1992

Zaina mwanangu,

Salamu tumeshapeana mezani, na ugomvi pia tumeupata hapo hapo, kwa hiyo vyote viwili navipita. Mama yako yuko chumbani anazikunja sweta zako upya, na kila sweta anaifungia amri yake: usilale na nywele mbichi, usinunue samaki wa jioni, wanajeshi wa bariyeri za barabarani wakikuuliza jina sema jina, usiwape hadithi. Hayo yote msikilize yeye. Nywele si idara yangu. Mimi nakuandikia habari ya faili.

Umecheka. Najua umecheka, hata kama unaisoma ukiwa peke yako. "Profesa ameanza." Haya, nimeanza. Nyakabanda nzima wananiita Profesa, na najua nusu yao wananitania, lakini redio zikiwafia wanakuja wote, watani mbele kabisa. Nawe usijione mkubwa wa kunicheka. Nilikuzaa nikiwa na ndevu za kuhesabika, hata leo tukipita pamoja kwenye maduka watu wanauliza kama wewe ni mdogo wangu, na mimi nawaacha waulize, kwa sababu inanipendeza.

Lakini leo mchana ulisema neno likanikwama kooni. Ulisema, "Baba, si kitu. Shefu amesema faili liende kama lilivyo. Nitalizoea." Mama yako akanipigapiga mgongoni akidhani ni mfupa. Haukuwa mfupa. Lilikuwa ni hilo neno, nitalizoea.

Kesho unakwenda Bujumbura kuwasha kompyuta ya tawi jipya la kampuni hii hii inayonilisha mimi. Kazi ya kwanza ya maisha yako, na umeipata kwa akili yako, mimi sikumwomba mtu (niliomba kidogo, lakini hawakunisikiliza, kwa hiyo haihesabiwi). Shefu, ambaye sasa ni bosi wetu sote wawili, amekupa disketi yenye faili la mipangilio la maghala yetu ya Gikondo, akakuambia ulinakili kule mstari kwa mstari, usiguse hata herufi. Ukigusa, kazi huna. Na mimi baba yako nakuambia: lisivuke mpaka lile faili. Sasa uko katikati yetu, na ni haki yako nikueleze kwa nini.

Unajua kinyaa changu. Mimi ndiye mtu anayefuta kijiko cha hotelini kwa shati kabla hajakoroga chai. Basi hakuna kitu duniani, si choo cha stendi, si soksi za kaka yako, kinachonitia kichefuchefu kama lile faili. Na sehemu kubwa ya uchafu wake nimeitia mimi.

Shule nilikomea katikati, kule Buyenzi. Si kwamba nilifeli. Nilichoka kuwangoja walimu. Nikawa turniboi wa lori, lori likanileta Gikondo, Gikondo nikawa fundi wa jenereta. Siku kampuni ilipoleta kompyuta, ikawekwa chumba cha pembeni karibu na jenereta langu kwa sababu umeme ulikuwa unakatika, na mimi nikawa napita pale kila dakika kuangalia waya ambao haukuwa na shida yoyote. Hivyo ndivyo nilivyosoma kompyuta: kwa kujifanya naangalia waya.

Aliyeifunga programu alikuwa Anastazi. Humkumbuki, ulikuwa bwenini. Mtu mrefu, mpole, ametoka chuo kikuu, anakula ndizi kwa uma. Alikaa siku nyingi akiandika faili la mipangilio, na mimi nilidhani anaandika riwaya. Kumbe ni ukurasa wa maneno tu. Jina upande wa kushoto, alama ya sawasawa, maelezo upande wa kulia. Stoo hii inaitwa hivi, iko chumba namba fulani, ndani yake mna kitu fulani. Programu ikiamka asubuhi inausoma ukurasa ule kabla ya yote, na inauamini wote. Haiulizi. Yule karani anayetoa mizigo naye haoni stoo, haoni gunia. Anayaona yale majina tu kwenye kioo cha kompyuta, anachagua moja, karatasi inachapwa, lori linaondoka.

Akaniita nione.

"Ramadhani, angalia. Kwanza mahali. Halafu bidhaa. Halafu kazi yake. Halafu namba. Kila mara hivyo hivyo, usipindue."

"Na nikipindua?"

"Kompyuta haitasema kitu. Ndiyo ubaya wake."

Nikasoma kwenye kioo: GIK_MAHINDI_CHAKULA_01. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. "Anastazi, ndugu yangu, mpaka umalize kuliandika jina hilo, mahindi yenyewe yameota!"

Wachukuzi walicheka. Mimi nilifurahi, unanijua nikipata watu wa kucheka. Anastazi hakukasirika. Alipangusa miwani, akasema, "Wewe unaandika kwa ajili yako leo. Mimi naandika kwa ajili ya mtu ambaye sijamwona." Nikamwambia mtu ambaye hujamwona mwandikie barua ya mapenzi. Wakacheka tena.

Baadaye akapata kazi Butare, akaenda. Shefu akatazama huku na huku, akaona mtu aliye karibu na kompyuta ni mimi, akanikabidhi. Ndiyo siku niliyokuja nyumbani na kuku wawili, mama yako akauliza nimemwibia nani.

Sasa nisikilize namna uchafu unavyoingia. Hauingii kwa mlango mkubwa. Unaingia kwa kufanyiana hisani.

Kwanza nikayakata majina ya Anastazi, kwa sababu nilijiona mjanja. GIK_MAHINDI_CHAKULA_01 likawa MAHINDI. Fupi, tamu. Kisha akaja Kasimu, mwenye stoo ya chumvi, na kofia yake ya Ijumaa.

"Profesa, watu wote wanasema 'twende kwa Kasimu'. Mashine yako kwa nini haisemi?"

"Itasema," nikamwambia, nikamwandikia KWA-KASIMU palepale, akaondoka kama mtu aliyepewa mtaa. Mwaka haukuisha, Kasimu akahamishiwa stoo ya rangi na misumari. Chumvi ikabaki KWA-KASIMU, Kasimu akawa kwingine, na kila mchukuzi mgeni aliyetumwa KWA-KASIMU alikwenda kwa Kasimu, akarudi na misumari.

Akaja mpwa wa shefu aliyesoma kwa masista, yeye hataki stoo, anataka magasin. Akaweka mistari yake kwa Kifaransa, herufi ndogo tupu, magasin3, magasin4. Anastazi aliandika Kiswahili kwa sababu wachukuzi wa Gikondo, awe mtu wa Bujumbura au mtu wa Bukavu, wanaelewana kwa hicho. Sasa tukawa na lugha mbili ndani ya ukurasa mmoja, na mtu akiitafuta stoo kwa jina moja haipati, anaandika nyingine, inakuwepo mara mbili.

Halafu shefu mwenyewe. Akataka ghala kubwa liitwe jina la mke wake. JOSIANE, sawasawa, sementi na mabati. Nikaandika, nitafanyaje? Wakagombana, akaniamuru nilifute. Wakapatana, akaniamuru nilirudishe. Nilivyolirudisha, ripoti za zamani zikakataa, nikaandika JOSIANE_B. Mke wa mtu, mwanamke mstaarabu kabisa anayenisalimia kwa jina, nimemfanya sementi, nikamfanya wa pili kwake mwenyewe.

Na hao wa "mpya"! Zaina, ukinisikia nimekufa, ujue ni neno "mpya" limeniua. STOO_MPYA. mpya-kweli. MPYAMPYA. Unajua STOO_MPYA ni ipi leo? Ni ile kuukuu nyuma ya gereji, inayovuja, yenye panya wa ukubwa wa paka. Ilikuwa mpya siku moja, na siku hiyo kukawa na mtu mvivu mbele ya kompyuta.

Faili likawa linanuka. Sina neno jingine. Ukilifungua ni kama kufunua sufuria iliyosahauliwa chini ya kitanda wiki ya mvua. Na watu wakawa wanaingia na kutoka, wanasema habari za asubuhi, kana kwamba hakuna harufu. Wamezoea. Hilo ndilo neno lako la mchana.

Sasa nakuja kwenye siku unayoijua. Wewe unaijua kwa upande wa sahani. Nikueleze upande wa faili.

Sukari ilipofurika, ile iliyozidi niliipeleka chumba cha pili, nikaandika SUKARI2. Mchele ukafurika, MCHELE2. Ikazoeleka kwa makarani: la kwanza likiisha, shuka mstari mmoja, chukua lenye mbili, kitu ni kile kile. Bila kujua nilikuwa nimetunga sheria. Tena sheria nzuri tu. Ubaya ni kwamba sikujua kama nimeitunga, kwa hiyo sikuifuata.

Ikaja mbegu ya mahindi ya ushirika wa wakulima wa Bugesera. Mbegu iliyopakwa dawa ya wadudu, rangi ya waridi iliyofifia, harufu inakukamata puani. Kuku akiidonoa hafiki upande wa pili wa uwanja. Ilifika jioni, magunia yamepasuka njiani, tukaimimina kwenye magunia ya kawaida. Jenereta lilikuwa linakohoa, mimi nataka kwenda kuangalia mpira. Nikafungua faili. Ni nini? Mahindi. Jina MAHINDI limeshachukuliwa. Basi nikaandika MAHINDI2, chumba cha tisa, nikazima, nikaenda kwenye mpira. Tulifungwa.

Karani wa kutoa mizigo alikuwa Speciosa, yule dada wa kwaya mwenye vidole vyepesi, aliyekupa kitambaa cha kichwa ulipofaulu. Shule yenu ikaagiza mahindi. Speciosa akatazama kwenye kioo: MAHINDI, hakuna. Akashuka mstari mmoja: MAHINDI2, yapo. Kama sukari. Kama mchele. Akabonyeza. Niambie wewe uliyesoma, alikosea wapi? Mimi nimetafuta, sijapaona. Alifuata sheria yangu vizuri kuliko mimi.

Mwenye stoo alikuwa harusini Gitarama. Wachukuzi walipewa karatasi inayosema chumba cha tisa, wakapakia chumba cha tisa. Wekundu kwenye mikono yao? Gikondo nani hana wekundu mikononi? Udongo wenyewe ndio huo.

Kesho yake mchana wakaja wazee wa ushirika na lori lao.

"Bwana, mbegu yetu iko wapi? Chumba iko nusu."

Nikacheka, nikawaambia wanahesabu vibaya. Tukaenda, nikaona. Nikarudi mbio kwa Speciosa.

"Speci, nani ametoa mbegu?"

"Mbegu? Mimi sijatoa mbegu, Profesa. Nimetoa mahindi tu. Ya shule. Ya kule kwa Zaina."

Alilisema jina lako akitabasamu, kwa sababu alijua ninapenda kulisikia.

Nilichukua pikipiki ya Kasimu bila kuiomba. Pale kwenye bariyeri ya kwenda Kicukiro wanajeshi wakanisimamisha. Vita viko mpakani, mtu anayekimbia anatia shaka. "Wewe, unakimbia nini?" Nikasema, "Nakimbilia mahindi." Wakacheka, wakanifanya nifungue boksi la spana, wakazitoa moja moja, wakazitazama juani kama pete za dukani. Kila spana waliyoitoa nilikuona wewe unachukua kijiko.

Mlikuwa kwenye mstari. Sahani za bati mkononi, wewe na mwenzako mnasukumana. Sufuria limeshaepuliwa, linafuka. Nikalipiga teke. Mnajua wote mlivyopiga kelele. Sista mkuu akatoka na ufunguo mkononi: "Baba Zaina! Umerogwa?" Na wewe ukasema, nilikusikia vizuri, "Mungu wangu, ni huyu baba," kwa sauti ya mtu anayetaka ardhi ifunguke. Kutoka siku ile wakakuita Mwana wa Mwaga-Sufuria, na ulininunia wiki nzima, kisha ukaelewa, ukanisamehe, tukalifanya kichekesho. Hata mimi huwa nakisimulia vizuri, kile kichekesho. Kwenye harusi wananiomba nirudie.

Kuna sehemu moja siisimulii kwenye harusi. Mama Melaniya, mpishi wenu, alikuwa ameketi nyuma ya jiko, mgongo ukutani. Alikuwa ameonja chumvi. Aliniambia, kana kwamba ananiomba radhi, "Nimeyaosha, baba, nimeyaosha tena, vumbi yake haiishi." Halafu akatapika mapajani mwake, maji ya rangi ya waridi. Nikamshika kichwa mpaka gari la masista likaja. Mwanangu, nimeona vitu vingi vichafu kwenye kazi ya malori. Lakini siku ile niliona neno nililoandika mwenyewe kwa vidole vyangu, herufi saba na namba moja, likitoka kinywani mwa mtu. Alipona. Sasa anauza mboga Kicukiro, vidole vinamtetemeka akihesabu nyanya, na kila tukikutana ananisalimia kwanza. Angenitukana ningelala vizuri.

Tukaitwa kwa shefu, mimi na Speciosa. Nikasema wazi, "Shefu, faili ni langu, jina ni langu, huyu dada amefuata kilichoandikwa." Shefu akanitazama kama mtu anayetazama bei.

"Nani anajua kuwasha hii mashine?"

"Mimi."

"Basi wewe nakuhitaji. Yeye simhitaji."

Speciosa akaondoka mchana ule ule, na mwavuli wake. Mimi nikabaki na kompyuta. Nikamwambia shefu, angalau nirudishe majina ya Anastazi. Akakataa: ripoti za miaka yote zimeandikwa kwa majina haya, ukibadilisha moja zote zinakataa, na faili linafanya kazi. Hivyo ndivyo alivyosema. Linafanya kazi. Nikaenda nikanunua rangi, nikaandika kwenye mlango wa chumba cha tisa kwa herufi za kimo cha mtu: SUMU, MBEGU, USILE. Mlango unasema kweli, faili linasema MAHINDI2. Mpaka leo.

Nimelifikiria sana jambo hili, kwa kichwa changu hiki cha nusu shule. Mtazame Anastazi mwenyewe. Yeye ana jina lake, baba yake jina lake, kila ndugu yake jina lake, hakuna hata moja linalofanana na jingine. Ndiyo desturi ya huku, kila mtoto anapewa lake. Ukiwaandika kwenye karatasi huwezi kujua kama ni mtu na kaka yake au abiria wa basi. Na hawapotei! Kwa nini? Kwa sababu wana shangazi. Ukikwama unamuuliza shangazi, anakuambia huyu wa nani, alizaliwa mwaka gani wa njaa, na nani alimbeba. Sisi Gikondo tulilifanyia faili vivyo hivyo. Kila stoo jina lake, kwa hisani, kwa mapenzi, kwa hasira, na tukajiambia watu wanajua. Lakini kompyuta haina shangazi. Karani kama Speciosa hawezi kukiuliza kioo kama mbili hii ni ya kuzidi au ni ya sumu. Mtu ana haki ya jina lake peke yake. Stoo haina. Stoo ivae sare kama mtoto wa shule, na ijulikane kwa mbali ni ya darasa lipi.

Sasa Bujumbura. Kule kompyuta iko tupu, Zaina. Haina ripoti hata moja, haina mke wa mtu, haina Kasimu. Siku ya kwanza jina ni bure. Unaandika, unafuta, hakuna anayeumia. Kuanzia siku ya pili kuna karatasi imechapwa, kuna dereva amelizoea, na kila ukitaka kulibadilisha unagombana na watu. Mimi nilipewa siku ile na Anastazi ikiwa imekamilika, nikaichezea. Wewe unaipata safi.

Kabla hujaandika stoo yoyote, nenda ukasimame ndani yake. Nusa. Mimi nilikuwa nimeinusa ile mbegu, harufu ilikuwa bado kwenye shati langu, na hata hivyo nikaandika MAHINDI2, kwa hiyo usiniambie pua inatosha. Baada ya kunusa, andika kilichopo na kazi yake, hata jina likiwa refu kama treni. Lirefushe! Acha wakucheke. Atatokea kijana mmoja kule, mchekeshaji, ana watu wake wa kucheka, atakuambia mahindi yameota. Mpe salamu zangu. Mwambie nilikuwa mcheshi kuliko yeye.

Mpangilio wowote utakaouchagua, uwe mmoja. Sisemi wa Anastazi ndio uliotoka mbinguni. Ukitaka kuanza na bidhaa, anza na bidhaa, lakini uanze hivyo kwa sukari, kwa chumvi na kwa sumu. Ukitaka Kirundi, Kirundi kitupu. Namba ziandike 01, 02, kwa sababu ukiandika 1 tupu, siku ukifika 10 mashine itaiweka kabla ya 2, na wewe utadhani umelewa. Na namba ikimaanisha chumba cha ziada, isije siku moja ikamaanisha kitu kingine kwa sababu tu kuna mpira. Hilo nimelilipia mimi, wewe usililipie tena.

Shefu anazitaka ripoti zenye majina yake? Mpe. Andika ukurasa mwingine mdogo wa kubadilishia, majina yako upande huu, ya kwake upande ule, ripoti ikitoka iende Kigali imevaa JOSIANE_B na matakataka yote anayoyapenda. Uchafu wake ukae mlangoni pamoja na viatu. Inawezekana; nimeijaribu wiki iliyopita watu walipokwenda kula, na ilikwenda vizuri mara ya kwanza, kwa sababu baba yako ni baba yako.

Lakini sikudanganyi. Akija kukagua, akafungua faili lenyewe, asione lake hata moja, atapiga kelele. Anaweza kukufukuza mbele ya watu. Alimfukuza mtu aliyefanya sawa, sembuse wewe utakayekuwa umemkaidi. Na hii ndiyo kazi yako ya kwanza, na nimeona ulivyojitazama kwenye kioo asubuhi na ile blauzi ya ofisini, ukageuka upande huu na upande huu. Ukinakili tu kama ulivyoambiwa, hakuna atakayekulaumu. Utakuwa karani mzuri. Harufu utaisikia wiki mbili, ya tatu hutaisikia. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko kufukuzwa kwako. Ukifukuzwa utarudi hapa, na nitakupokea stendi kwa makelele mpaka watu wadhani umeolewa na waziri. Ukizoea, ni nani nitakwenda kumpokea?

Kule nako kuna shule, mama. Kuna mpishi ambaye bado hujamjua, ataonja chumvi.

Disketi ya shefu sikuitia kwenye begi lako, na sikuitupa. Iko juu ya kabati la vyombo, karibu na taa. Pembeni yake nimeweka nyingine, tupu, mpya kutoka boksini, haina hata karatasi ya jina. Mimi asubuhi nitakuwa nje nikifunga mizigo juu ya gari, sitatazama. Ingia mwenyewe, chukua moja.

Baba yako,
Ramadhani